Kesho ya Mama Mudogo

Mama mudogo Apolina amekufa. Habari zilitufikia hapa Kalemie siku ya Jumanne, jua likiwa limezama sasa hivi nyuma ya vilima. Sista aliyepiga simu kutoka visiwa vya mbali vya Pasifiki alisema kwa Kifaransa cha polepole kwamba mwenzao amefariki Jumatano alfajiri. Mama yangu, ambaye sasa ni mzee na masikio yake yamechoka, aliniuliza tena siku gani. Nikamwambia Jumatano. Akatazama mlangoni, ambako mwanga wa Jumanne ulikuwa haujaisha, kisha akasema taratibu, "Basi mudogo yangu amekufa kesho."

Hakuna aliyecheka. Kaka yangu alitaka kujua tutangaze siku gani kanisani, na padri wa parokia akasema tutaje ile ya kule, kwa sababu ndiyo siku aliyokuwa ndani yake. Wakaendelea kupanga mambo ya misa. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Harufu ya ndagala, samaki wetu wadogo, waliokuwa wanakauka kwenye mchanga ilikuwa inapanda na upepo kutoka chini ziwani, ile harufu ambayo mgeni hufunika pua na sisi hatuisikii mpaka tuwe na huzuni. Machozi yalikuwa bado hayajaja. Nilikuwa nimerudi katika kile kiangazi ambacho mimi na Feza, mtoto wa jirani, tulikuwa tunaamini kwa moyo wote kwamba Mama mudogo anaishi kesho.

Alikuwa mdogo wa mama yangu, kitinda mimba wao, na ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Aliingia usista nikiwa mdogo sana. Halafu shirika lake likamtuma mbali kuliko mtu yeyote tuliyemjua: kwenye visiwa vya bahari ya Pasifiki, mahali ambapo watu wanasema Kifaransa na minazi inaota mpaka karibu na maji. Siku ya kuondoka, wanawake wa ukoo walimlilia kama msiba. Yeye alikuwa anawapangusa machozi kwa kitambaa chake cheupe, mmoja baada ya mwingine, mpaka kitambaa kikawa hakifai tena, akakitia mfukoni akapanda gari.

Imani yetu haikuanza na yeye. Ilianza na saa ya Papa, baba yangu.

Papa alikuwa na boti ya mbao yenye injini, akipeleka chumvi, sabuni na vitambaa kwenye vijiji vya pwani upande wa Mpala na Moba, na kurudi na maharage na mihogo. Mara chache alivuka ziwa mpaka Kigoma. Akirudi kutoka kule, kitu cha kwanza, kabla hata ya kuomba maji, alikuwa anavua saa yake na kuzungusha mishale kurudi nyuma. Nilimuuliza kwa nini anafanya vile. Akasema, "Watu wa Kigoma wanatutangulia saa moja. Sasa mimi nimerudi nyuma, niko pamoja na nyie."

Alisema hivyo tu, akaenda kuoga. Lakini mimi nilibaki na lile neno, kutangulia. Sisi wa Kalemie jua letu linatoka ziwani, upande wa Kigoma. Kila asubuhi nililiona likipanda kutoka kwenye maji, jekundu, limelowa, na sasa nilielewa kwamba halikuwa jipya. Watu wa Kigoma walikuwa wameshalitumia. Walikuwa wamechota maji, wamesugua masufuria, wamegombana, na ndipo wakatuachia. Nilimwonea jua huruma kidogo.

Basi Mama mudogo alipoanza kupiga simu, mambo yote yalijipanga yenyewe kichwani mwangu. Alipiga Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, jioni, tulipokuwa tumemaliza kula. Kule kwake ilikuwa alfajiri, kabla ya sala ya asubuhi. Tulikuwa na simu moja nyumbani, nayo ilikaa juu ya kabati, kwenye kona pekee ya nyumba ambako mtandao ulifika. Mama alizungumza kwanza, halafu sisi watoto kwa zamu. Sauti yake ilikuwa inachelewa. Unasema neno, unasubiri, unasikia sauti yako mwenyewe ikirudi kwa mbali kama iko ndani ya mtungi, ndipo na yake inakuja. Siku ya kwanza aliniambia, "Huku kwetu ni Jumapili tayari, mutoto wangu. Nyie bado mnakula bukari ya Jumamosi."

Nilimwuliza kama visiwa vyote viko Jumapili. Akaniambia ndiyo, kwamba kuna visiwa vingi, vya nchi mbalimbali, vingine havionani hata kwa siku nzima ya kwenda na meli, na bado vyote vinashika saa ileile. "Si kama sisi," akasema. "Sisi inchi ni moja, lakini Kinshasa wana saa yao na Kalemie tuna yetu. Huku bahari inawagawa watu, lakini saa inawaunganisha." Nadhani alitaka kunifundisha kitu kizuri kuhusu dunia. Nilichokisikia mimi ni kwamba kuna kundi zima la watu wanaokaa kwenye siku ya kesho, na mmoja wao ananipenda.

Nilimwambia Feza kesho yake. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua wa matete, na sisi tulikuwa na tundu letu la kupenya. Baba yake, Papa Feza, ndiye aliyekuwa mekanisieni, fundi wa injini ya boti ya Papa, mtu mwembamba anayecheka bila sauti, mabega yakitikisika tu. Feza alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtoto asiyekubali jambo upesi. Akaniambia, "Basi tumuulize kitu."

Mwezi uliofuata nilimuuliza, "Mama mudogo, kesho iko namna gani?"

Tukasubiri sauti ivuke. Akacheka, akasema, "Kesho iko muzuri. Mvua imenyesha kidogo, lakini jua linatoka."

Na mvua ikanyesha kweli Kalemie siku ya pili, kidogo, halafu jua likatoka. Feza alinishika mkono akaniminya mpaka nikaumia. Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Alikuja kabla ya giza, akakaa chini ya kabati, nami nikauliza swali letu. Wakati mwingine Mama mudogo alisema upepo umevuma, na kwetu hakuna hata jani lililotikisika. Tulipata maelezo: upepo uko njiani, visiwa viko mbali, utafika Jumanne. Na ziwa letu halina Jumanne nyingi zisizo na upepo. Kwa hiyo hakukosea kamwe.

Hatukumwambia mtu mkubwa yeyote. Haikuwa kwamba tunaficha. Tulifikiri wanajua.

Kiangazi kile upepo wa kusini ulikuwa mkali. Papa na Papa Feza waliondoka Jumatano asubuhi kwenda Mpala na mzigo wa chumvi, na abiria wachache. Walitakiwa kurudi Alhamisi. Alhamisi ilipita. Mama alisema wamesubiri upepo utulie. Ijumaa alisema vilevile, lakini alikuwa anasema akiwa amesimama nje, macho yakiwa ziwani, na chungu cha mboga ya sombe kikaungua nyuma yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Jumamosi mchana mtu mmoja kutoka bandarini alipita akasema kuna boti imepinduka kule kwenye majabali, chini ya milima ya Marungu, lakini hakujua ya nani. Baada yake Mama hakusema tena habari za upepo.

Jioni ile nyumba yetu ilijaa wanawake wa mtaa. Mama Feza alikuwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, amefunga kichwa na kitenge. Hakuna aliyelia, kwa sababu kulia kabla ya habari ni kuiita. Walizungumza mambo madogomadogo, bei ya mafuta ya mawese, mtoto wa fulani aliyepata surua. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Feza alikuwa chini ya kabati kama kawaida, magoti yamefika kidevuni, na tulipotazamana tu tulielewana.

Simu ikalia. Mama aliinuka akaishika, na sauti yake ikawa nyepesi ghafla, sauti ya kupokea mgeni. "Sisi wote wazima, mudogo yangu. Ndiyo. Hapana, hakuna kitu. Papa wa watoto iko ku safari." Hakutaka kumtia hofu mtu ambaye hawezi kufanya lolote. Wanawake wote walikuwa wameinamisha macho. Kisha, kwa sababu ndiyo desturi yetu, na labda kwa sababu hakuweza kuendelea, alinipa simu.

Nikasema, "Mama mudogo, huko kesho, Papa aliisha kufika?"

Simu ilikaa kimya, kama inavyokaa siku zote. Niliona Mama amegeuka kunitazama.

"Umesema nini, mutoto wangu?"

"Papa yangu, na Papa Feza. Walienda Mpala, hawajarudi. Sasa huko kwenu ni Jumapili. Tunataka kujua kama Jumapili wamefika."

Nikamsikia akivuta pumzi. Akaniomba nimpe Mama. Mama akaishika simu kwa mikono miwili, akajaribu kusema, ikashindikana, na ndipo alipolia, polepole, uso umegeukia kabati ili watu wasimwone. Alimweleza yote. Halafu akanirudishia simu, akasema Mama mudogo ananitaka tena.

"Unisikilize muzuri," Mama mudogo akaniambia. "Ni kweli mimi niko Jumapili. Lakini hii Jumapili ni ya huku. Nikifungua dirisha naona minazi, naona bahari, naona masista wanaenda kusali. Nyie siwaoni. Papa yako simuoni. Jumapili yenu hakuna muntu ameiona bado, hata mimi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mutoto wangu. Ningekuwa naiona, ningekuambia."

Sijui jinsi ya kueleza nilivyoanguka ndani yangu wakati ule. Haikuwa tu habari za Papa. Ilikuwa kama mtu amezima taa kwenye nyumba ambayo nilidhani itawaka daima, nyumba iliyo mbele yetu kidogo, yenye mtu wetu ndani. Feza alikuwa amesimama. Alinyoosha mkono, nikampa simu. Sikumbuki kumwona akishika simu kabla ya siku hiyo.

"Na papa yangu mimi?" akauliza.

Akasubiri. Nilikuwa karibu naye na sikusikia kitu. Alisubiri kwa muda mrefu, au ulikuwa muda uleule wa siku zote na sisi ndio tuliobadilika. Mwishowe sauti ilikuja, nikaona Feza anasikiliza mpaka mwisho. Akaiweka simu juu ya kabati, akapita katikati ya wanawake, akaenda kukaa karibu na mama yake.

Jumapili yetu ilikuja. Kengele ya kanisa ilipiga na Mama hakwenda. Nilikuwa nje, nimepewa mchele niuchague, nilipoona pikipiki inapanda kutoka barabara ya kusini. Nyuma ya dereva kulikuwa na mtu aliyevaa shati la kijani, kubwa, lisilo lake, na suruali iliyokatwa magotini. Pikipiki iliposimama akashuka kama mzee. Ndipo nilipomtambua. Niliacha mchele ukamwagika, nikakimbia, na Papa akaniona. Akainua kiganja kunizuia. Hakutabasamu. Akapita mlango wetu, akazunguka ua wa matete, akaingia kwa akina Feza.

Nilifikiri amepotea. Nilifikiri labda mtu akikaa sana majini anasahau nyumba yake, na nikaanza kufikiri jinsi ya kumwambia bila kumwaibisha. Bado nilikuwa nimesimama pale nilipomsikia Mama Feza akipiga yowe.

Yaliyotokea tuliyajua baadaye, vipande vipande. Injini ilizimika Jumatano ileile kwenye mawimbi, chini ya majabali. Papa Feza aliinama nyuma kuiwasha, akasema bado kidogo, bado kidogo, na boti ikapinduka naye akiwa mule. Abiria na Papa walishikilia mabidoni matupu ya mafuta mpaka wavuvi wakawafikia. Papa alitembea ufukweni siku zile zote akimtafuta mwenzake, hakukubali kurudi bila yeye. Walimpata Jumamosi, mwanga ukiwa bado upo, wakamzika Mpala, kijiji kilichokuwa karibu.

Yaani wakati sisi tulipokuwa tumejikusanya chini ya kabati, tukiuliza habari za kesho kutoka upande wa pili wa dunia, jibu lilikuwa limeshapita. Lilikuwa nyuma yetu, Jumatano, umbali wa safari ya boti. Nimeishi miaka mingi na jambo hili na sijamaliza kulifikiri. Tunaogopa kesho, tunaipigia magoti, na mara nyingi kile tunachokiogopa kimekwisha kutokea, bado tu hakijapata mtu wa kukileta.

Siku kadhaa baadaye nilimsikia Mama akimwambia Papa, si kwa ugomvi, "Ulipita mulango wako mwenyewe."

Papa akasema, "Ningeanza kuingia hapa, mungelia kwa furaha. Na Mama Feza angesikia ile furaha kwanza."

Mama aliinuka. Alichukua lile shati la kijani akaenda kulifua, ili lirudishwe kwa mvuvi aliyemvika.

Feza aliacha kutumia tundu la ua. Tulikutana kwenye bomba la maji, akaangalia ndoo yake. Siku moja nilimfuata mpaka kwao nikamuuliza nimemkosea nini. Akasema, bila hasira, kama mtu anayeeleza hesabu, "Mama yako mudogo alijua. Wewe alikujibu haraka. Mimi alinyamaza. Muntu ananyamaza wakati anajua."

Nilimwambia ni simu ndiyo inayochelewa, siku zote inachelewa. Akasema, "Siku ile ilichelewa zaidi." Na mimi, ambaye nilikuwa nimesimama karibu naye, sikuweza kuapa kwamba si kweli.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata Mama mudogo aliomba kuzungumza na Feza kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilitumwa kumwita, akakataa. Mwezi mwingine, akakataa. Mama Feza alikuwa anajiandaa kurudi kwao Kirungu, kule juu kwenye baridi, ambako kaka zake walikuwa na mashamba. Papa aliwabebea vitu mpaka gari lilipokuwa, mizigo ya kichwani, ingawa alikuwa na watu wa kumsaidia. Lakini kabla hawajaondoka simu ililia mara moja tena, na nilipokwenda kwenye ua Feza alikuwa tayari amesimama upande wa pili. Akapita kwenye tundu letu la zamani, na matete yakamkwaruza bega, maana alikuwa ameanza kurefuka.

Mama alimpa simu, akabonyeza kitufe ili wote tusikie. Papa alikuwa kwenye kiti chake. Tangu ajali alikuwa anakaa zaidi nyumbani.

"Feza," Mama mudogo akasema. "Asante umekuja."

"Ulijua?" Feza akauliza.

Tukasubiri. Wote wanne tulisikia ule ukimya ukienda na kurudi, na neno la Feza likirudi kwa mbali, *ulijua*, kabla ya jibu. Nilimwona anausikiliza, anaupima na ule wa siku ile.

"Sikujua, Feza. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda changu na sikujua kitu. Niliogopa tu, kama wewe."

Papa alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi sijui kesho yenu," Mama mudogo akaendelea. "Na hata leo yenu siijui, muntu asiponieleza. Sasa unieleze wewe. Leo yako ilikuwa namna gani?"

Nilifikiri ataiweka simu juu ya kabati kama mara ile. Badala yake alikaa chini, pale pale pake pa zamani, akavuta magoti. Akaanza kusema, mwanzoni kama anasoma. Kwamba asubuhi walikunywa uji bila sukari. Kwamba mama yake amefunga sufuria ndani ya shuka, na moja haina kifuniko. Kwamba kule Kirungu kuna baridi, na yeye hana sweta, lakini mjomba amesema ipo. Kwamba jogoo wao wamempa jirani, na jogoo amerudi. Mama mudogo hakumkatiza. Alikuwa anasema tu "ndiyo", ikifika imechelewa, katikati ya jambo lingine, na Feza hakujali tena kuchelewa kwake.

"Na Papa hakurudi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilisema. "Papa yake huyu alirudi, Papa yangu hakurudi. Walimuzika Mpala. Sijapaona."

Papa akainuka kwenye kiti, akaja akakaa sakafuni karibu naye, na Feza akaendelea, habari za viatu vya baba yake ambavyo mama amesema vitunzwe, habari za kofia, habari za jinsi alivyokuwa anacheka bila sauti. Mtandao ulikatika mahali fulani katika habari za kofia. Sote tulisikia mlio wa simu kufa. Yeye pia lazima aliusikia. Lakini aliishika palepale sikioni, akaendelea kumweleza siku yake mpaka ilipoisha, na hakuna mtu mule ndani aliyemwambia anyamaze.